Kufuli la Nje

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilimfungia mama yangu ndani ya nyumba kwa kufuli, nikaning'iniza ufunguo shingoni, nikaenda zangu shule.

Usinitolee macho. Si mimi niliyebuni jambo hilo, ni yeye mwenyewe. "Mtu akiona kufuli nje atajua hatupo, ataondoka," aliniambia. Na mtu aliyekusudiwa alikuwa mmoja tu. Sisi tulimwita Bwana Miluzi, kwa sababu alikuwa akija kwetu huku anapiga mluzi kama mtu anayekwenda harusini. Kazi yake ilikuwa kukusanya madeni ya kampuni moja ya mikopo, na Mama alikuwa anadaiwa na kampuni hiyo.

Mama ni fundi cherehani. Mwaka ule alipata oda ya sare hamsini. Tulifurahi, tukaruka, tukahesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa. Akakopa vitambaa dukani, akachukua fedha kwenye kikundi chao cha akina mama, na zilipopungua akakopa kwenye kampuni. Sare zikashonwa, mwenye oda akazichukua zote kwa ahadi ya kulipa Jumatatu, na tangu siku hiyo simu yake haikupatikana tena. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi matanga yalitukuta hata harusi hatujaila.

"Dawa ya deni kulipa, mama," Bwana Miluzi alisema mara ya kwanza, akitabasamu. Mara ya pili hakutabasamu. Mara ya tatu aliitazama cherehani kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama Mama.

Cherehani ile ya miguu ilikuwa ya bibi yangu. Ndiyo iliyomsomesha Mama, na baada ya baba kufariki, ndiyo iliyonilisha na kunivika mimi. Ikiondoka, sisi tumekwisha. Ndipo Mama alipoamua kwamba yeye hayupo.

Tulipanga vyumba viwili vyenye mlango mmoja, na mlango huo ulifunguka uani. Wapangaji wenzetu walitoka alfajiri kwenda makazini, ua ukabaki mtupu mchana kutwa. Mama alishusha mapazia, akakunja blanketi na kulitandika chini ya cherehani ili mlio usisikike. Alishona pole pole, kwenye joto la mabati, akitega sikio. Mluzi ukisikika, anasimamisha mguu na kushika pumzi. Maji hakunywa, kwa sababu choo kiko kona ya ua, na yeye amefungiwa ndani mpaka mimi nirudi saa tisa na nusu. Nilipokuwa nikifungua mlango, jambo la kwanza alilofanya kila siku lilikuwa kukimbia chooni. Salamu zilifuata baadaye.

Barua nazo zilianza kuingia. Zilisukumwa chini ya mlango, moja, mbili, tatu. Mama hakuzisoma. Fundi kabla hajakata nguo hukata kwanza umbo lake kwenye karatasi, akailaza juu ya kitambaa na kuifuata kwa mkasi. Basi Mama alizigeuza barua zile upande mweupe, akachora kwa penseli, akakata.

"Karatasi nzito hii, nzuri," alisema bila kunitazama. "Angalau itafaa kola."

Siku za Jumamosi, nisipokuwa na shule, kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye lango la ua. Nyumbani na shuleni wananiita Kidomo, maana mdomo wangu haukai umefungwa. Nilidhani kipaji hicho kingenisaidia.

"Shikamoo. Mama hayupo."

"Marahaba. Amekwenda wapi?"

"Msibani. Shangazi amefariki."

Kwa hesabu yangu, mwezi ule peke yake niliwazika mashangazi wanne. Nami nina shangazi mmoja tu, tena mzima wa afya, anauza viatu. Bwana Miluzi alitikisa kichwa kwa huzuni. "Poleni sana," alisema. "Ukoo wenu unateketea." Sikujua kama ananihurumia au ananicheka. Nilichojua ni kwamba usiku ule sikula vizuri, na Mama pia hakula. Tulikuwa tunanong'ona hata tukiombana chumvi.

Jumanne moja, baada ya masomo, nilicheza netiboli kidogo uwanjani. Kidogo tu, dakika kumi. Nilipopeleka mkono shingoni, uzi ulikuwepo, ufunguo haupo.

Nilianguka magotini nikaanza kupapasa nyasi. Wenzangu walinisaidia kidogo, wakachoka, wakaenda kwao. Saa kumi ikapita. Nilipekua nyasi zile kama mtu anayetafuta chawa, huku machozi na kamasi vinanitoka pamoja.

"Kidomo! Unachimba dhahabu?"

Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu. Tulimwita Bi Kanuni, kwa sababu kila jambo kwake lina kanuni, hata kufuta ubao. Gauni lake, alilonipa nimpelekee Mama, lilikuwa kwetu wiki ya tatu sasa, na kila alipouliza nilimwambia Mama amesafiri. Niliendelea kupapasa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaanza kutafuta nami. Ufunguo aliuona yeye, chini ya nguzo ya goli.

"Ufunguo huu una nini hata ukulize hivi?"

"Mama yuko ndani," nikasema.

"Ndani wapi? Si amesafiri?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale pale kwenye nguzo ya goli. Nikamweleza yote, kuanzia sare hamsini mpaka mashangazi, na yeye hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alisema neno moja tu: "Twende."

Tulipofika uani, tukasikia mlio hafifu wa cherehani. Mwalimu akalitazama kufuli, akanitazama mimi. "Msafiri wenu," akasema, "amesafiri na cherehani mpaka uvunguni mwa kitanda." Mlio ukakatika ghafla. Nikafungua mlango. Mama alitupita bila kutuona, ameshika tumbo, akakimbilia chooni.

Tabasamu likatoweka usoni mwa Mwalimu. Akanishika bega.

"Na kama moto ungewaka, mwanangu? Ufunguo ulikuwa kwenye nyasi."

 Miezi miwili nilikuwa nikijiona mlinzi wa mama yangu. Sikuwahi hata siku moja kuwaza juu ya moto.

Mama aliporudi na kumkuta mgeni, aibu ilimshika. Alianza kutafuta kiti, kukunja vitambaa, kuomba radhi kwa gauni. Mwalimu akamkatiza.

"Mama Kidomo, mwanao ameshanieleza. Usimgombeze, alikuwa ananililia uwanjani. Kuna mshauri wa madeni mjini, juu ya duka la vyombo. Kesho mnakwenda."

Mama akakaa chini kwenye mkeka. "Atanipeleka polisi?"

"Kwa kosa gani? Deni si wizi."

"Atanisema?"

"Mimi nilikaa kwenye kiti kile kile mwaka juzi, nikalia mpaka nikamaliza leso yangu na yake. Hakunisema."

Mama alimwangalia kwa mshangao. Mimi pia. Bi Kanuni, na kanuni zake zote, amewahi kudaiwa? Dunia ina mambo!

"Lakini sina fedha ya kumlipa," Mama akasema.

"Siku ya kwanza halipwi. Anachotaka ni karatasi zako zote na ukweli wako wote. Mficha uchi hazai, mama."

Jumatano Mwalimu alinipa ruhusa, nami nikamsindikiza Mama. Alitoka nyumbani amejifunika khanga mpaka puani, kama mwizi wa kuku. Tulipita vichochoroni. Mkononi alibeba mfuko wenye gauni la Mwalimu, ili tumpelekee tukirudi. Kola ilikuwa haijashonwa bado, na karatasi za kukatia zilikuwa zimebanwa kwenye gauni kwa pini.

Niliitarajia ofisi kubwa yenye askari na watu wakali. Tulipanda ngazi nyembamba, tukakaa kwenye benchi, tukaitwa kwenye chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na feni inayolalamika. Mshauri alikuwa mwanamume mfupi, na shati lake lilikuwa limechakaa kwenye kola mpaka nyuzi zinaning'inia. Nilimwona Mama akiitazama kola ile. Fundi ni fundi, hata akiwa anakufa ataangalia pindo la sanda yake.

"Karibu, mama. Na huyu?"

"Binti yangu."

"Vizuri. Kunyweni maji kwanza." Alitumiminia maji, kisha akaigeuza simu yake kifudifudi. "Nieleze, uliogopa nini ulipokuwa unapanda ngazi?"

Mama hakulitegemea swali hilo. "Niliogopa utanifokea."

"Nikifokea wateja nitakula nini? Sikiliza, mama. Utakayosema hapa hayatoki nje bila idhini yako. Ila na mimi nikueleze mapema ili usije ukanilaumu: sina fungu la fedha la kulipa madeni ya watu, wala sina rungu la kuyafuta. Ukimpata mtu anayekwambia mpe fedha ya mbele akufutie deni, kimbia hata kama umevaa viatu virefu. Mimi kazi yangu ni kuyapanga pamoja na wewe, halafu kuwaandikia wanaokudai."

Akauliza mambo ya kawaida kabisa. Kwa wiki unashona nguo ngapi? Kodi ni kiasi gani? Chakula? Daftari za mtoto? Mama alijibu, kwanza kwa sauti ya kunong'ona, kisha kwa sauti yake halisi. Nilikuwa sijaisikia sauti ile muda mrefu, nikatamani kulia.

"Sasa, nani wanakudai?"

"Duka la vitambaa," Mama akasema, akatoa karatasi. "Na kikundi cha akina mama." Akatoa daftari.

"Mwingine?"

"Basi."

"Basi kabisa?"

"Basi kabisa, kaka yangu."

Chini ya meza, mguu wake ukaukanyaga wangu.

Mshauri akaanza kuandika. Nusu ya kinachobaki kila mwezi iende dukani, nusu kwenye kikundi, na kwa mwaka mmoja atakuwa amemaliza. Alikuwa akiandika kwa mwandiko mzuri, uliopangika, na kila mstari ulikuwa wa bure. Mimi nilijua. Tungerudi nyumbani na karatasi ile nzuri, halafu Mama angeingia ndani, nami ningefunga kufuli kwa nje. Kesho hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo.  Kumsema mama yako mbele ya mtu baki ni jambo zito, asikudanganye mtu. Mguu wake ulinikanyaga tena, kwa nguvu zaidi.

"Na Bwana Miluzi," nikasema.

"Kidomo!"

"Mama, ulinituma niseme hupo. Nimesema hupo mpaka mimi mwenyewe nimeanza kuona kama huna uhai! Nimechoka kukufungia!"

Feni ililalamika peke yake. Mshauri akaweka kalamu chini, taratibu, wala hakushangaa. Nadhani kiti kile kimeshasikia mengi.

"Bwana Miluzi ni nani, mama?"

Mama alijifunika uso kwa khanga. "Ni wa kampuni ya mikopo," alisema kutoka mle ndani. "Niliweka cherehani dhamana. Cherehani ya marehemu mama yangu. Nitamwambia nani jambo kama hilo?"

"Mimi. Ndiyo sababu nimekaa hapa. Waliwahi kuleta barua?"

"Tatu."

"Ziko wapi?"

Mama aliutazama mfuko. Kisha, wallahi, kitu kama kicheko kikamtoka kikiwa kimechanganyika na kwikwi. "Ziko kwenye gauni," akasema.

Mshauri alituangalia mmoja mmoja. Mimi nikafungua mfuko, nikatoa gauni la Mwalimu, nikaanza kuchomoa pini. Kola hii hapa. Nusu ya mkono hii hapa. Mfuko wa ubavuni. Nilizigeuza karatasi upande wa maandishi na kuzipanga mezani, kola karibu na mkono, mfuko katikati. Mshauri aliinama juu ya meza, nasi tukainama, vichwa vitatu pamoja, tukiunganisha maneno kama watu wanaounganisha sahani iliyovunjika.

"Hii ya mwisho ndiyo muhimu," akasema, na kidole chake kikifuata mviringo wa kola. Akasoma kwa sauti: "Mdaiwa atakayefika ofisini kwetu kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa... mkono uko wapi? Ahaa... atapangiwa upya malipo yake, na faini itasimamishwa." Akavuta kipande cha mfuko. "Asiyefika, mali aliyoiweka dhamana itachukuliwa siku hiyo hiyo."

Akainua kichwa. "Ijumaa hii, mama. Keshokutwa."

Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza. 

"Miezi miwili," alisema. "Miezi miwili nimejifungia ndani natafuta mlango, kumbe mlango waliniletea, nikaukata kwa mkasi."

"Umeukata, lakini hukuutupa," Mshauri akasema. "Mafundi hawatupi kitu." Akachukua karatasi mpya, na ile yenye mwandiko mzuri akaichana. "Tuanze upya. Deni lenye dhamana ndilo la mbele. Duka na kikundi nitawaandikia wasubiri kidogo, na wengi husubiri wakijulishwa. Kinachowaudhi watu ni kimya. Na kesho asubuhi, mama, utakwenda kule mwenyewe, na barua yangu mkononi. Wakikuuliza usichokijua, sema hujui. Usitie sahihi karatasi yoyote kabla hujaisoma yote."

"Yote," Mama akasema, akivitazama vipande vile.

Alhamisi hatukupita vichochoroni. Kwenye kampuni, nyuma ya meza ya kwanza kabisa, alikuwa amekaa Bwana Miluzi. Alituona, akasimama.

"Karibuni," alisema. "Poleni na misiba."

Nilitamani sakafu ifunguke inimeze. Mama akanitazama. Sikuwa nimemwambia habari za mashangazi.

"Hakuna aliyefariki, kaka," Mama akasema. "Nilikuwa ndani. Nilimtuma mtoto aseme uongo, kosa ni langu. Nimekuja kuzungumza."

Bwana Miluzi alikaa, akasoma barua ya Mshauri mara mbili. "Kila siku nilikuwa nakuja ili nikwambie uje, mama," alisema. "Kwani mimi cherehani nitaifanyia nini? Hata kifungo siwezi kushona." Mambo hayakuwa rahisi hivyo, msidhani. Tulikaa pale mpaka adhuhuri, Mama akisoma kila mstari kwa kidole. Faini ilisimamishwa, lakini deni lilibaki pale pale. Atalipa kidogo kila mwezi kwa mwaka mmoja na nusu, na akikosa miezi miwili mfululizo, cherehani itakwenda. Alitia sahihi. 

Jumapili jioni Mshauri alituma shati lake kwetu, pamoja na malipo. Mama alikaa na wembe, akafumua mshono wa kola uzi mmoja mmoja, nami nikamshikia taa karibu.

"Unaona, mwanangu?" alisema. "Kola ikichakaa upande mmoja, wengi hulificha shati kabatini. Fundi huigeuza, upande mzima ukaja juu, shati likarudi kazini. Ila huwezi kuigeuza bila kuifumua kwanza na kuona palipochanika. Mimi niliogopa kufumua. Nikaficha, na wewe nikakufundisha kuficha. Nisamehe. Siku nyingine ukiniona naficha jambo linalotuumiza, sema, kama ulivyosema pale mezani. Mdomo wako huo Mungu hakukupa bure."

Nikaisogeza taa karibu zaidi na mshono. 

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, nilitoka na mkoba wangu. Mkono ukaenda wenyewe shingoni kutafuta ufunguo. Haukuwepo. Mlango ulikuwa wazi, mapazia yamepandishwa, blanketi limerudi kitandani, na cherehani ilikuwa inapiga kelele ua mzima. Mluzi ukasikika barabarani.  Nikageuka kumtazama Mama.

Hakusimamisha mguu. Mluzi ukapita, ukaenda zake. Mama akakata uzi kwa meno, akanyoosha mkono pembeni ya cherehani, akachukua kikombe kikubwa cha maji, akanywa mpaka tone la mwisho.